Fremu ya kutembelea na kiti cha choo cha kuchomelea: uzoefu wangu baada ya upasuaji wa nyonga, Ujiji

Nina miaka 71, ni mwalimu mstaafu, naishi Ujiji. Mwaka jana nilivunjika shingo ya paja, nikafanyiwa upasuaji Mwanza na kuwekewa kichwa cha nyonga cha bandia. Mambo ya hospitali sina la kuongeza. Nataka kusema juu ya vifaa viwili nilivyovitumia baada ya kuruhusiwa, maana nilipokuwa navitafuta kila mtu alinipa pole na hakuna aliyenipa habari.

Masharti niliyotoka nayo wodini: nisikunje nyonga kupita pembe mraba, nisikae nimekunja nne, mguu nisiugeuzie ndani. Miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe: kigoda cha jikoni kimeondoka, mkeka umeondoka, choo cha kuchuchumaa ndiyo kabisa. Hata kiti cha gari kilikuwa chini mno, nikawekewa mto, na njiani tulisimama Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu ili ninyooke na kupiga hatua mbili tatu.

Fremu, yaani kile kiunzi cha miguu minne unachokishika mbele yako ukitembea, niliinunua Mwanza kabla ya safari, shilingi elfu tisini. Ni ya alumini, nyepesi, inakunjika, na miguu yake ina vitundu vya kurefusha na kufupisha. Muuzaji alisifia sana ile yenye magurudumu mawili mbele. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimuuliza mwanangu swali moja tu: uwanja wenu ukoje? Mchanga na mizizi ya mwembe. Basi chukueni isiyo na magurudumu. Namshukuru hadi leo, maana jirani yangu ana hiyo ya magurudumu na anaishia barazani. Kwenye sakafu ya vigae itakuwa nzuri, sikatai, lakini wangapi tunaishi kwenye vigae?

Urefu wake unapimwa hivi: simama wima umevaa viatu vyako, mikono ining'inie, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa juu zaidi mabega yatauma, ikiwa chini utatembea umeinama. Kutembea ni fremu kwanza, kisha mguu mbovu, kisha mguu mzima.

Kasoro ninazo mbili. Ile mipira ya chini inalika upesi, na ikishalika, chuma kinateleza kwenye saruji yenye maji. Ya akiba dukani hawakuwa nayo. Tuliyoipata baadaye Kigoma mjini ni ya magongo, na kwa bahati ilikaa. Nunua ya akiba siku hiyo hiyo. Ya pili ni kwamba mikono yote miwili ina kazi, hivyo hata kikombe cha chai huwezi kujipelekea. Mke wa mwanangu alinishonea mfuko wa kitenge akaufunga mbele ya fremu: simu, miwani, tasbihi na chupa ndogo ya maji vikaingia. Wageni waliokuja kunijulia hali waliutazama mfuko kuliko walivyonitazama mimi.

Sasa kiti cha choo, na hapa ndipo pesa yangu ilifanya kazi. Cha dukani chenye ndoo ya plastiki kilizidi laki mbili, tena miguu yake miembamba. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Nilimchorea kwenye karatasi ya daftari: bomba za mraba, mikono pande zote mbili, tundu katikati na juu yake kifuniko cha kukalia kama cha choo cha kizungu. Kimo nilimpa mwenyewe, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza vidole vinne, ili nikikaa nyonga iwe juu ya goti. Miguu ya nyuma tuliitanua kidogo kisipinduke, na chini akaweka vibati bapa. Shilingi elfu sitini na tano, rangi ikiwemo.

Mchana kinakaa juu ya lile sinki la kuchuchumaa, usiku kinaingia chumbani na ndoo chini yake. Najua si mambo ya kusemwa mbele za watu, ila nitayasema. Kabla hakijakamilika, mke wa mwanangu ndiye aliyenisindikiza msalani na kunishikilia. Mkwe! Binti mwenyewe hakuwahi kulalamika, lakini mimi nilikuwa najizuia kunywa maji ili nisimwite, na mgonjwa wa umri wangu asiyekunywa maji anajitafutia ugonjwa mwingine. Kiti kilipokuja nilifunga mlango mwenyewe, nikashika mikono yake, nikaketi na kuinuka bila kumwita mtu. Pia nilikiogea, na kwa swala nilitumia kiti cha kawaida cha mezani, nikainamisha kichwa tu.

Ubaya wake: ni kizito, kukihamisha kunahitaji kijana, na kwenye maungio ya kuchomelea kilianza kutoa kutu. Mwambie fundi apige rangi ya kuzuia kutu kwanza ndipo ya mapambo, wangu alitaka kuruka hatua hiyo.

Neno moja lisilohusu bidhaa. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikakata na kifua kikabana, acha mazoezi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda.

Fremu naipa nyota nne, nyota moja imeliwa na ile mipira. Kiti nyota tano pamoja na kutu yake. Siku hizi natembelea gongo moja, na fremu nimemwazima mama mmoja wa Gungu. Kiti wameshaniuliza wengi kama nakiuza. Siuzi. Mume wangu, aliyecheka sana siku kilipoletwa, magoti yake yamekipenda, na asubuhi inabidi nimgongee mlango.