Kahawa ya Mbozi: sufuria au presi?

Kwa baridi hii ya Mbeya mwezi wa saba sufuria bado ndo mwenyewe, unatia unga na tangawizi kwenye jiko la mkaa, povu likianza kupanda unaepua fasta, unaacha machicha yatulie chini ndo unamimina. Ila ukijisahau inakuwa chungu kama shubiri, utamu wote wa kahawa hii ya aina ya arabika kwisha.

Presi, lile birika la kioo lenye kichujio cha kukandamiza, inataka unga wa chengachenga, maji, dakika 4, unakandamiza, basi. Na huku juu mita 1,700 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu kwahiyo huna haja ya kuyapoza kama watu wa Dar. Kioo chake sasa, kinavunjika ovyo. Mi asubuhi presi, wageni wakija sufuria, presi ya vikombe viwili utamnywesha nani?