"Uhuru Afrika" ya Randy Weston: soma hapa kabla hujatoa pesa

Kama umevutiwa na albamu hii ya jazi kwa sababu ya majina ya Kiswahili kwenye jalada, jua mapema kwamba Kiswahili chenyewe ni kidogo, na kiko mwanzoni. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anasoma shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, lililotafsiriwa kwa Kiswahili huku ngoma zikimsindikiza. Akishamaliza, uwanja unabaki kwa tarumbeta, tromboni na saksafoni. Hata hivyo usiiruke sehemu hiyo kukimbilia mdundo, maana bila shairi lile hutaelewa bendi nzima inamjibu nani.

Ilirekodiwa New York kwa siku mbili, Novemba 1960, kwa ajili ya kampuni ya Roulette. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, na Tanganyika ilikuwa bado inausubiri wa kwake kwa mwaka na ushei. Weston, mpiga piano wa Brooklyn, alitunga muziki wenyewe: sehemu nne na utangulizi. Kuupangia bendi ilikuwa kazi ya Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, naye kwa maoni yetu ndiye anayestahili nusu ya sifa. Studioni kulikuwa na watu zaidi ya 20. Besi zilikuwa mbili, za George Duvivier na Ron Carter. Kwenye midundo kulikuwa na Max Roach, Mnigeria Olatunji, na Wakuba wawili, Candido na Armando Peraza. Kundi la ukubwa huo kwa kawaida huishia kuwa makelele, lakini Liston anawaingiza wapulizaji kwa zamu, kundi hili likisema na lile likijibu, na piano ya Weston inabaki inasikika katikati.

Kuhusu Hughes inafaa kueleza kidogo, kwa sababu hakualikwa kupamba jalada. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, "The Weary Blues", kilitoka mwaka 1926, na ndani yake kuna beti zilizojengwa kwa kipimo cha bluzi, nyimbo za Wamarekani weusi. Mzunguko wa kawaida wa bluzi una mapigo 48, yaliyogawanywa mara tatu kwa 16. Mwimbaji anasema jambo, analirudia karibu vilevile, kisha analijibu kwa mstari wa tatu unaoishia kwa kina kilekile. Hughes aliuchukua mpango huo, akaukata kila mstari vipande viwili, ukawa ubeti wa mistari sita kwenye karatasi. Kufikia mwaka 1951, katika "Montage of a Dream Deferred", alikuwa amehamia kwenye bibopu, jazi ya kasi na ya kukatakata: mistari inakatizwa ghafla, sauti nyingine inadakia, wazo linaachwa njiani na kurudi kurasa kadhaa mbele. Mwaka 1958 alisoma mashairi yake huku Charles Mingus, mpiga besi wa jazi, na wenzake wakipiga. Kwa hiyo "Uhuru Afrika" si mara yake ya kwanza kukaa na wapigaji. Tofauti ni kwamba safari hii maneno yaliandikwa kwa ajili ya kazi hii hii ya muziki.

Panapotukwaza ni "African Lady". Martha Flowers na Brock Peters wana sauti kubwa zilizofunzwa, na Flowers anaimba kwa namna ya opera hasa. Maneno ya kumsifu mwanamke wa Kiafrika ni mazuri, ila uimbaji wa aina hiyo unayavisha suti nzito mno. Baada ya hapo "Bantu" na "Kucheza Blues" zinakuja kama ahueni.

Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Ukishalisikia shairi la utangulizi, hutauliza kwa nini.

Sasa ununuzi. Ukisikiliza kwenye simu, zima kwanza uchezaji wa kuchanganya, kwa sababu sehemu hizi zina mpangilio wake na programu itakupa ya nne kabla ya ya kwanza. Spika ya simu pia haifai: waya mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa takribani hezi 41, na spika ndogo kama ile haiwezi kabisa kuufikia, hivyo Duvivier na Carter wote wawili wanapotea. Tumia hedifoni au spika ya kueleweka.

Santuri ya zamani ikague kwenye mwanga mkali, ukiiinamisha. Mikwaruzo myembamba ya juu juu haina neno. Mifereji ikiwa na rangi ya kijivu badala ya kung'aa, achana nayo: imesagwa na gramafoni za zamani zenye mkono mzito, na hakuna kuiosha kutakakorudisha sauti. Omba uwekewe mwanzo na mwisho wa kila upande. Mwanzoni mwa upande wa kwanza ni sauti ya msomaji na ngoma, hivyo kila mchakacho unasikika. Mwishoni, karibu na lebo, mduara ni mdogo lakini santuri inazunguka kwa kasi ileile, mara 33 na theluthi kwa dakika. Mawimbi yanabanana kwenye njia fupi, na tarumbeta zikipanda juu zinachanika. Sindano ikiwa imechoka au uzito wake haujapimwa (sindano nyingi za kawaida zinataka kama gramu 2), hata nakala nzuri itasikika mbovu.

Kwa anayetaka thamani ya pesa yake, tafuta sidii inayoiunganisha na "Highlife", albamu nyingine ya Weston ya miaka hiyohiyo. "Uhuru Afrika" peke yake haifiki dakika 40, na kuilipia bei ya nakala ya kwanza ya 1961 ni kazi ya wakusanyaji, si ya wasikilizaji.