TAHADHARI: Mbegu za mahindi za viroba vyeupe hapa Chake, Pemba, zimeuliwa na moto, msinunue

Jamaani, kuanzia Wawi hadi Konde, yule bwana wa viroba vyeupe asipewe tena hata shilingi. Anauza mahindi maiti kwa bei ya mbegu.

Tulivyoghilibiwa ni hivi. Alichota konzi moja, akaitikisa, ikalia kama kokoto. Akatia punje mdomoni, akaivunja kwa jino: ka! "Sikieni wenyewe! Haya ya mashine, yameingia tanurini magharibi, alfajiri yakatoka makavu." Punje kubwa, zinang'ara, zina rangi ya waridi kama mbegu zilizotiwa dawa. Nani angeshuku? Mvua ikikuta mavuno shambani, taabu yetu yote ni unyevu, basi ukioneshwa punje inayolia unaona umepata. Kumbe kulia kunaonesha maji yametoka tu. Uhai hausikiki kwa jino.

Na pale alipojisifia tanuri ndipo alipojitaja mwenyewe. Mahindi mabichi yana unyevu kama asilimia 30, na mbegu hushushwa hadi 12 au 13. Unyevu ukiwa bado juu ya asilimia 25, hewa ya kukaushia iwe nyuzi 35 za Selsiasi. Baadaye isivuke 40, ukizidi sana 43. Kwa joto hilo mahindi yakiwa bado kwenye magunzi huchukua siku tatu, nne. Anayemaliza usiku mmoja amepandisha moto mno. Kwa unga hapana neno, kwa mbegu ni mauaji, na kadiri punje ilivyo mbichi ndivyo inavyokufa upesi. Protini za kiinitete, yaani kile kijimche kilicholala ndani ya punje, hupoteza umbo, vimeng'enya vinavyoendesha kazi za uhai havifanyi kazi, mitokondria zinazoipa seli nguvu huharibika, na utando wa seli huachia. Ukiifukia, sukari na chumvi huvujia udongoni, kuvu wakaja kula.

Mzizi huumia kuliko chipukizi. Ndiyo maana baadhi zilichomoza, zikatoa majani mawili, zikasimama hapo hapo na kugeuka manjano. Naye anapata la kusema: "Mbona zimeota? Mmezifukia chini mno." Sentimita tano ndiyo chini mno? Muongo mkubwa! Apelekwe kwa sheha, kisha polisi, aregeshe pesa za mbegu, za kulimia na za mbolea. Msimu hawezi kuuregesha, na kwa hilo pekee asiachiwe kuuza hata punje ya mchicha.

Dalili zilikuwepo. Mbegu yenye dawa kweli, muuzaji gani anaitia mdomoni? Ukiinua punje zake kwenye mwanga, ndani zina mipasuko kama kioo kilichopata ufa. Ukiziloweka usiku kucha maji yanakuwa meupe, ingawa hiyo peke yake haitoshi. Kabla ya kununua kwa yeyote omba punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikae kivulini siku 7 bila kukauka. Hesabu zenye mzizi na chipukizi vyote viwili, zenye kimoja zitupe. Zikipungua 85, mregeshee kiroba chake.

Waliobakiwa nazo: msizisage, wala msiwape kuku. Ile rangi hatujui ni ya nini.