Uzoefu wangu: kozi ya lugha na utamaduni wa Ufilipino kwa sisi tuliokulia nje

Mama yangu ni Mfilipino wa Iloilo, baba ni mtu wa Mombasa. Walikutana Dubai, kazini, na mimi nikakulia Mombasa. Lugha ya mama niliisikia akiongea na ndugu zake kwenye simu, basi. Nilipopata kozi inayowapokea watoto na wajukuu wa Wafilipino waliozaliwa ng'ambo, masomo Manila kisha kukaa na familia mkoani, nilijiandikisha. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mzazi kutoka kule, hasa mliokulia Ghuba na Afrika Mashariki.

Ufundishaji ni mzuri sana. Walimu hawakuanza na sarufi, walianza na heshima: namna ya kutia "po" unapomsemesha mkubwa, nani umwite Ate (dada mkubwa) na nani Kuya (kaka mkubwa), na mano, yaani kuupokea mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wako. Wenzangu wa California na Toronto walikuwa wakisitasita. Mimi nimelelewa kumwamkia mzee shikamoo na kuubusu mkono wake, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Vitenzi ndivyo vilivyotutoa jasho. Kumain, kinain, kinainan: kitenzi hubadilika kufuatana na kama uzito uko kwa mlaji, kwenye chakula, au mahali pa kulia. Lakini mtu aliyezoea kula, kulia, kulisha na kuliwa hatishiki upesi.

Mchana tulitembezwa. Fort Santiago, alikofungwa José Rizal, shujaa wa taifa lao, kabla ya kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, palinikaa moyoni. Hata hivyo somo lililonigusa zaidi lilihusu Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, enzi za Rais Marcos, iliyoweka utaratibu wa kuwapeleka wafanyakazi nje ya nchi. Kwa mara ya kwanza niliiona safari ya mama ndani ya historia ya taifa lake. Nilimpigia simu jioni ile ile, na akanisimulia mambo ambayo hakuwahi kuyataja.

Kwa Waislamu: Manila chakula halali kipo. Nilikuwa nikila Quiapo, karibu na Msikiti wa Dhahabu, kwenye migahawa ya Wamaranao, Waislamu wa asili ya Mindanao, kusini mwa nchi. Waandaaji hawakunielekeza, na ilifaa wafanye hivyo.

Sasa lalamiko langu, na ni kubwa. Tangazo lao linaahidi "lugha ya mababu zako", lakini lugha inayofundishwa ni moja tu, Kifilipino, kilichojengwa juu ya Kitagalog baada ya Rais Quezon kukitangaza kuwa msingi wa lugha ya taifa mwaka 1937. Nchi ile ina lugha zaidi ya 170. Darasani kwetu mmoja alikuwa wa ukoo wa Kiilocano, mwingine wa Kicebuano, na mimi bibi yangu ni mzungumzaji wa Kihiligaynon, lugha ya Iloilo. Hakuna aliyetuuliza. Nilipouliza mimi, nilijibiwa kwamba Kifilipino kinaeleweka kote. Ni kweli, shule na televisheni zimekifikisha kila kisiwa. Lakini bibi ukimsemesha Kitagalog hukujibu kwa adabu, kifupi, kama anavyomjibu karani wa benki. Ukimsemesha lugha yake anacheka, anasogeza kiti, anaanza hadithi. Nilifunga safari ile kwa ajili ya hadithi hizo, na darasa halikunipa ufunguo wake.

Ufunguo niliupata kwa familia iliyonipokea Iloilo, na hapo ndipo pesa yangu ilipopata thamani. Mama mwenye nyumba aliniita Inday, kama anavyowaita mabinti zake. Alinifundisha Kihiligaynon jikoni: tukipika kadyos na langka, ambazo ni mbaazi na fenesi, kwa kuku badala ya nguruwe waliyemzoea, na tunda la batwan la kutia ukali. Namit gid, kitamu kweli! Mwanawe alinipeleka Miagao kuona kanisa lililokamilika mwaka 1797. Kwenye uso wake wamechonga Mtakatifu Christopher amebeba mtoto, na kando yake mnazi na mpapai. Nilisimama pale muda mrefu. Mafundi walichonga watakatifu walioletwa na Wahispania, lakini miti waliyowazungushia ni ya kwao, na ni miti ile ile ya uani kwetu Mombasa.

Kwa bibi nilienda siku za mwisho. Nilikuwa na maneno machache ya kwake, yote ya jikoni, lakini yalitosha kumfanya asogeze kiti.

Ushauri wa viza: kama mzazi wako ni Mfilipino na mnasafiri pamoja, ulizeni utaratibu wa balikbayan, yaani Mfilipino anayerudi nyumbani, unaoruhusu familia kukaa hadi mwaka mmoja bila viza.

Kwa mwenye asili ya Manila, Bulacan au Batangas, naipendekeza kozi hii bila kusita. Wa Visayas, Ilocos au Mindanao, ombeni kupunguziwa siku za darasani na kuongezewa za kukaa na familia. Nimewaandikia waandaaji waongeze swali moja kwenye fomu ya kujiandikisha: wazee wako wanaongea lugha gani? Chuo Kikuu cha Hawaii pale Mānoa kinafundisha Kiilocano, katikati ya Pasifiki. Manila haiwezi kusema imekosa walimu.