Kofia ya viua, Usita wa Mui, Lamu: ghali, ilichelewa, na nimeshaagiza ya pili

Nianze na aibu yangu. Kabla ya Maulidi ya mwaka juzi niliagiza kofia kwenye duka la mtandaoni: shilingi 1,200, na 450 za kunifikishia. Ikapanda basi Mombasa mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti. Pichani ilikuwa kofia ya viua hasa, ile ya vitundu inayoshonwa kwa mkono. Kuifua mara moja tu, gamu ikatoka, ikanywea kama chapati ya maji. Nikataka kuirudisha, nikaambiwa nauli ya kuituma ni juu yangu. Mtoto anachezea.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu wa Lamu, upande wa mtaa wa Langoni. Kibao hana. Ukiona barazani faroma za mbao zimevishwa kofia zinakauka, umefika.

"Ami, nataka ya mkono."

Hakujibu. Akainama, akavuta sanduku chini ya meza, akanipa kofia moja niielekeze mlangoni penye jua. Mwanga ukapenya kwenye vitundu visivyohesabika, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka ukingo umekuwa mgumu kama punje ya mchele. Akanipa na ya mashine, niitazame vivyo hivyo. Giza. Pale ni uzi umerundikwa juu ya kitambaa, tundu hakuna. Kwa sisi tunaovaa kofia kutwa nzima msimu wa kaskazi, moja inapumua, nyingine inakupika utosi.

Bei ni 6,500. Nilishtuka, nikamshusha mpaka 6,000, hakwenda chini tena. Alinieleza kuwa mmoja huchora ua, halafu kitambaa huzunguka nyumba kwa nyumba, kinamama wakishona kila mmoja sehemu yake, na kazi hiyo ni ya miezi. Kwa hiyo ile pesa yangu imegawanyika humu humu mjini.

Wenzangu barazani husema serikali ifungie mlango kofia za mashine kutoka nje. Umeshafungwa kiasi: tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha ushuru cha 35% kwa bidhaa kadhaa za nje, nguo na vitu vya ngozi vikiwemo. Lakini tusidanganyane, bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, na uzi wa fundi wangu navyo vimevuka bahari. Cha Lamu ni mkono. Ushuru ukiangukia bafta, wa kwanza kuumia ni yule mama mshonaji.

Lawama ninazo. Aliniahidi miezi miwili, ikawa minne, Maulidi mengine yakanipita kichwa wazi. Tena kofia za mashine ndizo alizozitundika mbele, bei haikuandikwa popote, na mgeni asiyeuliza haambiwi ipi ni ipi. Nikamwambia, "Ami, unajimaliza mwenyewe." Akacheka: hizo ndizo zinazolipa kodi ya chumba, mwanangu. Sikuwa na jibu, ila bado naona angezitenga.

Yangu imeshafuliwa mara tatu. Namrudishia yeye mwenyewe, anaitia wanga, anaivisha faroma, kesho yake naichukua kwa shilingi 100 imesimama kama mpya.

Nendeni baada ya alasiri. Wenye arusi wiki ijayo msijisumbue. Na nyoeni kabla ya kupimwa kichwa: mimi nilipimwa na nywele zangu, siku niliponyoa kofia ikanishukia masikioni.