Udongo wenye vigae: karakanani na kwenye chumba cha tiba

Nafinyanga vyombo, na vilevile nafanya tiba kwa sanaa, yaani kumsaidia mtu aliyeelemewa moyoni kwa kazi ya mikono kama kufinyanga. Kazi zote mbili zinataka udongo, na huu uliochanganywa na vigae vilivyosagwa ndio ninaoutumia na wateja. Wafinyanzi wengi huununua kwa ajili ya sanamu na vyungu vikubwa tu. Kwa chumba cha tiba, sijapata unaoushinda.

Ukiushika unakwaruza kidogo, kama mchanga uliolowa. Kwenye gurudumu siusifii. Ukifanya kazi muda mrefu ngozi ya viganja inalika, na ukingo wa kikombe hautulii mpaka uulainishe kwa kipande cha ngozi kilicholowa. Vikombe vyangu natengeneza kwa udongo laini, usio na vigae. Ila mteja haji kutengeneza kikombe. Anaukanda, anaupiga mezani, anautoboa kwa kidole, anabomoa alichojenga na kuanza upya. Udongo laini ukishikwashikwa hivyo unakauka usoni, unaingia nyufa, ukuta unalala. Huu unasimama. Vile vigae vilishapita motoni na havisinyai tena, kwa hiyo donge zima linasinyaa kidogo, na unyevu unapata njia ya kutoka. Hata mkono uliobandikwa na mtu ambaye hajawahi kugusa udongo, mara nyingi unabaki mahali pake.

Jambo hilo si dogo. Mtu akifinyanga umbo la marehemu wake, kisha wiki inayofuata akakuta kichwa kimedondoka kwenye rafu, mazungumzo ya siku hiyo yatakuwa mengine kabisa.

Halafu kuna tanuri. Maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, na umbo nene lenye unyevu ndani linaweza kupasuka na kuvunja vilivyo jirani. Wateja hupenda maumbo mazito, yasiyo na uwazi ndani. Nayaacha yakauke mpaka nikiyagusa kwa shavu yasiwe na ubaridi, kisha nayalaza tanurini usiku kucha chini ya nyuzi 100 kabla ya kupandisha moto. Karibu na nyuzi 573 kuna badiliko la ghafla kwenye chembe za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na udongo, na hapo pia sina haraka. Vigae vinapunguza hatari, haviiondoi. Ndiyo maana namweleza mteja wazi kwamba moto unaweza kuvunja kazi yake, na uamuzi ni wake. Wapo wanaochagua kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuitazama ikimomonyoka. Plastisini, ile ya mafuta wanayochezea watoto, haiwezi kumpa mtu nafasi hiyo, wala ule udongo wa dukani unaogandishwa na gundi bila moto. Udongo wa kweli, maadamu haujachomwa, unarudi kuwa tope.

Ubaya wake mkubwa ni vumbi, ingawa huo ni ubaya wa udongo wote. Lina silika, na silika huharibu mapafu. Sifagii chumba kikiwa kikavu hata siku moja, napangusa kwa sponji na maji. Mteja mwenye vidonda au ukurutu mikononi nampa udongo laini.

Mfinyanzi mwenzangu unayefikiria kuingia kwenye tiba, udongo mzuri hautakupa sifa za kazi. Kuna masomo na usimamizi. Uingereza, kwa mfano, jina la kazi hii linalindwa kisheria na lazima usajiliwe. Na kuna nidhamu ya mikono, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko yote: kuona ukuta unainama na kuuacha, kwa sababu kazi si yako. Udongo unaovumilia mikono mipya unanisaidia kukaa kando.

Ukinunua, chagua wenye chenga ndogo. Zile kubwa zinachubua vidole vya watoto. Mfuko wa wateja uutenge na wako, maana vigae vikiingia kwenye udongo laini hutavitoa tena.