Chuma cha vitumbua cha mtumba: kigonge kabla hujalipa

Chuma hiki nimekinunua kwa muuza vyuma chakavu huku Ngamiani, Tanga, kwa Sh 12,000 baada ya kupatana. Kina mashimo saba na mpini mrefu, kizito hasa, na kutu ilikuwa imekila juu mpaka kimekuwa rangi ya tofali. Sasa nakichomea vitumbua vya biashara kila asubuhi. Nasema bila kusita kwamba kinashinda vipya vya alumini vinavyouzwa madukani, ila ni bidhaa ya kununua kwa mikono na masikio, si kwa macho peke yake.

Vya alumini ni vyepesi na vinashika moto upesi, lakini upepo ukipita jikoni vinapoa upesi vilevile, unaishia na kitumbua kilichoungua nje na ndani unga mbichi. Chuma kinachelewa kupata moto, na kikishaupata hakiuachii. Ukimimina shimo la saba, la kwanza linaendelea kutoa vitundu pembeni bila kusinyaa. Kuna jambo jingine linalonikosesha raha na alumini ya kuyeyusha mabaki: huwezi kujua kilichoingia kwenye kalibu. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo zilizotengenezwa Cameroon walikuta zinaweza kutoa madini ya risasi kwenye chakula.

Na hiyo risasi ndiyo ya kuitazama kwanza hata kwenye chuma cha zamani, hasa sisi wa pwani. Wavuvi huyeyusha risasi kutengeneza chubwi na vizito vya nyavu, na chombo chochote cha chuma kinawafaa kwa kazi hiyo, maana risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Mashimo ya vitumbua ndiyo kabisa, kama yametengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nilikwaruza kila shimo kwa ncha ya msumari. Chuma ni kigumu, msumari unateleza. Risasi ni laini, inachimbika na kuacha mstari unaong'aa rangi ya fedha. Ukiona tone la namna hiyo, au muuzaji akikuambia kimetoka kwa mvuvi, rudisha chini hata kama anakupa bure. Haitoki kwa kuchemsha wala kwa kusugua, na wanaoumia zaidi ni watoto, akili zao zinadumazwa. Tena kukosa tone hakukuhakikishii kitu. Ndiyo maana uliza kimetoka wapi.

Baada ya hapo ni ufa. Kining'inize kwa mpini, kigonge na kijiko. Kizima kinalia na sauti inakawia. Chenye ufa kinatoa mlio mfupi, wa kufa. Mimi niliongeza na mafuta ya taa nyumbani: nikapaka nyuma, nikafuta pakavu kabisa, nikanyunyizia unga wa chaki. Penye ufa mafuta yanarudi juu na chaki inachora mstari mwembamba wa unyevu. Changu hakikuchora. Cha shangazi yangu kilichora, na fundi mmoja wa kuchomelea akamwahidi kukiziba. Akakichomelea, na kilipopoa kikapasuka upya kando ya mshono. Chuma cha kumimina kina kaboni nyingi, hakipindi, kinavunjika. Ukikipasha sehemu moja tu kinajivuta na kuachana. Chenye ufa si cha kutengeneza kwa kupikia.

Kutu yenyewe ilikuwa kazi rahisi kuliko zote. Siki na maji nusu kwa nusu, nikakiloweka huku nikikitazama kila baada ya nusu saa, kwa sababu kutu ikiisha siki inahamia kwenye chuma. Brashi ya waya kwa mgongoni, msasa laini kwenye mashimo. Usikubali wakupigie grenda ndani, itakuachia mikwaruzo ambayo unga unaing'ang'ania. Wala usikitupe kwenye moto mkubwa kiungue ukoko wa mafuta ya zamani. Kinaweza kupinda au kupasuka.

Ukishakiosha kikaushe motoni papo hapo, la sivyo kutu inarudi unaiona. Halafu kinyweshwe mafuta. Nilitumia ya alizeti: unapaka kwa kitambaa mgongo na mashimo, kisha unafuta mpaka ukipitisha kidole hakitelezi. Unakiinamisha juu ya mkaa mpaka kitoe moshi na moshi uishe. Kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi mafuta yanageuka ngozi ngumu iliyoshikana na chuma. Ukipaka mengi yanabaki kama gundi na vitumbua vinanata. Nikarudia hivyo mpaka kikawa cheusi na kung'aa kidogo.

Vitumbua vya mwanzo vilitoka na madoa ya kijivu, sikuviuza. Baada ya hapo vinageuka kwa kijiti kimoja, havichubuki, na mafuta ninayotia kila shimo yamepungua. Sikipikii kitu chenye ndimu wala ukwaju, asidi inaubambua weusi. Sikimwagii maji baridi kingali na moto. Na kwa hewa hii ya chumvi ya Tanga, jioni nakipaka mafuta kidogo kabla ya kukitundika.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimemnyima muuzaji kwa sababu nilimuuliza mara mbili kimetoka nyumba gani, akanijibu kwa bei. Amebakiwa na viwili. Kile cha mpini mfupi kina ufa kwenye shimo la katikati, msikichukue. Kingine nimekigonga na kinalia vizuri, ila mashimo sikuyakwaruza.